Pumzi za Tinga

Du-dum. Du-dum. Du-dum.

Moyo ulidunda gizani, mzito, bila haraka, kama mtu anayetwanga kisamvu akijua wageni bado wako mbali. Lukala alizibana spika za masikioni kwa viganja na kufumba macho, ingawa hakukuwa na cha kuona. Huo ulikuwa moyo wa Tinga, kiungo wake wa uwanjani, na aliujua kuliko wa kwake mwenyewe. Nyuma ya mdundo ule, kwa mbali, kilisikika kile kimwangwi cha mbiombio, ti-ti-ti-ti, ambacho kwa majuma kadhaa sasa alikihesabu kuwa hitilafu ya waya.

"Rehani, mwangwi wako bado upo."

"Kesho nabadilisha waya, kocha," fundi wa mita alijibu kutoka ubavuni pake. "Leo tusiguse kitu. Tinga hajawahi kupumua vizuri hivi tangu azaliwe."

Taa zikawaka. Sakafu ya kioo, iliyolijaza lile ghala la zamani la katani kutoka ukuta hadi ukuta, ikachipua nyasi za nuru. Ikafuata mistari myeupe. Kisha wakasimama wachezaji ishirini na wawili, kimo cha mtoto wa chekechea kila mmoja, wenye jasho, kovu na mshono wa jezi. Mashabiki wa kata ya Mzambarauni walipiga ukelele mmoja na mabati yote ya Morogoro yakaitika, au ndivyo Lukala alivyopenda kuamini.

Jumapili hiyo hakikuchezewa kikombe. Ilikuwa mechi ya kubaki. Timu ambayo ingefungwa ingeshuka daraja, na katika mchezo wa Dimba kushuka ni kufa: wachezaji wake hufutwa kwenye mashine watazamaji wakiwa bado wanatafuta viatu vyao. Miaka mitatu ya Lukala ilikuwa imesimama pale juu ya kioo, jezi za kijani, ikinyoosha misuli.

Kabla ya filimbi, kama ilivyo desturi, makocha wawili walikutana katikati kujigamba. Kocha wa Mnadani, Desideri, mwanamume wa makamo aliyevaa suti ya rangi ya maziwa, alimtazama Lukala kuanzia raba zilizochakaa kwenda juu.

"Bwana mdogo," alisema kwenye kipaza sauti, "nimesikia wachezaji wako wanajua kukimbia mlimani. Leo hakuna mlima. Wamekuja kuchunga mbuzi?"

Upande wa Mnadani ukacheka. Lukala hakucheka. Alikuwa na miaka ishirini na sita, hakuwa amefundishwa na mtu kutunga wala kufundisha mpira, na hakuona haya kuvifanya vyote viwili mbele ya watu. Alitoa kifua mbele.

"Pigeni mbio za paka, kipindi cha kwanza chenu,
Kifua kikishawaka, mtadaka roho zenu,
Sisi ndipo tunafika, kugonga milango yenu,
Filimbi ikisikika, tutasoma dua zenu!"

Ghala likalipuka. Hata Desideri alitabasamu upande mmoja wa mdomo.

*

Katika Dimba karibu kila kitu kilinunulika kwa pointi: kasi, shuti, chenga, hata kimo. Pumzi peke yake haikununulika. Waliobuni mchezo waliogopa taifa zima litakaa kitako likitazama nuru, basi wakaweka sharti kwamba stamina ya mchezaji itoke kwenye kifua cha mtu aliye hai. Kila mchezaji akawa na mwenza wake. Mwenza huvaa mkanda kifuani, hukimbia kwa miguu yake, na mkanda huhesabu na kuweka akiba. Mazoezini mkanda unahesabu tu, haumnyang'anyi mtu kitu. Siku ya mechi mchezaji hula akiba ile kwa dakika tisini. Mechi ikienda kwenye muda wa nyongeza, akiba hufungwa. Wenza hupanda mashine za kukimbilia kandokando ya uwanja, na mkanda huacha kuhesabu, unaanza kuchota.

Makocha wengi walimwaga pointi zao zote kwenye kasi, wakakodi wenza wa kuzugia, wanariadha wa mbio fupi wanaokimbia wiki mbili kabla ya ligi na kulala. Bao la mapema, halafu kukaba. Lukala alikuwa na imani nyingine, na aliihubiri saluni, msibani, popote alipopewa kiti. Bao la dakika ya tano na la dakika ya themanini na tano yana uzito mmoja, alisema, ila hilo la pili halina wa kulirudisha. Fundi wa chenga akichoka anakuwa mtu wa kawaida aliyeshika kiuno. Chenga ni mapambo. Pumzi ndiyo nyumba yenyewe. Kwa hiyo kila alfajiri wenza wake kumi na mmoja, wapasua mbao, mama ntilie na walimu wa shule ya msingi, walipanda naye njia ya Uluguru hadi penye maji, wakashuka, wakapanda tena. Wengine walitapika. Hakuna aliyeacha.

Aliyewapita wote alikuwa Mwantumu, dereva wa bajaji, mwanamke wa miaka thelathini na ushei asiye na maneno mengi. Alikuwa mwenza wa Tinga. Katika majuma ya karibuni mita ya Tinga ilipanda kwa namna ambayo Lukala hakuwahi kuiona katika ligi yoyote, na aliitangaza mtaa mzima kuwa ni kazi ya mlima wake.

Mechi ikaenda kama alivyoiimba. Mnadani walikimbia kama wamemwagiwa maji ya moto na kufunga bao dakika ya tisa. Desideri akaketi, akakunja nne. Lukala hakukaa. "Waacheni wakimbie!" alifoka kwenye kinasa sauti chake. "Mpeni mpira Tinga, rudisheni, mpeni tena. Wachosheni kwa kuwatembeza!"

Dakika ya sabini winga wa Mnadani aliinama na kushika magoti. Wa pili akafuata. Tinga alikuwa bado anakimbia kama ndiyo kwanza anatoka nyumbani. Aliuchukua mpira karibu na golikipa wake mwenyewe, akapita mmoja, akapita wa pili aliyekuwa hana hata nguvu ya kumvuta jezi, akapiga pasi, akaufuata tena mpira mbele, na ulipomrudia akausukuma wavuni kwa ndani ya mguu, taratibu, kama anayefunga mlango mtoto amelala.

Bao moja kwa moja. Filimbi ya dakika tisini ikalia.

*

Wenza walikaa kwenye benchi lao nyuma ya pazia la turubai, wakimimina maji vichwani, wakisubiri kuitwa kwenye mashine. Lukala alivaa tena spika kusikiliza vifua vyao kimoja kimoja. Ilikuwa kazi ya kawaida: mechi ikisimama, mikanda hukatwa kutoka kwa wachezaji na kubaki na watu tu.

Akafika kwa Mwantumu. Moyo wake ulikuwa umetulia. Du-dum, kimya kirefu, du-dum.

Na nyuma yake: ti-ti-ti-ti-ti.

Lukala alikunja uso. Waya wa Tinga ulikuwa umekatwa. Mwangwi ungetoka wapi?

"Rehani, njoo sikia."

Fundi alivaa spika. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini mzaha ulimtoka usoni kidogokidogo.

"Kocha," alisema, akishusha sauti, "mwangwi hufuata mdundo. Huu haufuati mtu. Una mwendo wake."

"Maana yake?"

"Mimi nina watoto wanne. Kila mmoja nilisikilizishwa moyo wake kliniki, mama yake amelala kitandani, nesi ameweka kile kidude tumboni." Alizivua spika na kumrudishia, kama kitu kisichomfaa kushika. "Hiyo sauti naijua, kaka."

Rehani aligusa kioo cha mita, akafungua ukurasa ambao Lukala hakuwa na kawaida ya kuutazama, ule unaoonyesha akiba ilitoka wapi. Mkanda hutafuta moyo wenye nguvu iliyobaki. Kwa majuma yote ya karibuni ulikuwa umeupita moyo wa Mwantumu na kwenda kuegemea ule mdogo, ambao haukujua kuchoka kwa sababu haukuwa umewahi kukimbia.

Lukala alihisi masikio yakimchemka. Kumbe alichojisifia haikuwa kazi ya mlima wake.

"Mazoezini haikumdhuru," Rehani alisema haraka. "Ilikuwa hesabu tu. Ila sasa..."

"Sasa utachota."

"Utachota. Na mkanda hauulizi umri."

Walitazamana. Nje mashabiki walikuwa wakiimba jina la Tinga. Hakuna mtu mwingine aliyeona ukurasa ule. Lukala alikuwa na kiungo bora katika ligi nzima, nusu saa ya kucheza, na wapinzani walioshika magoti. Kilichotakiwa ni kufunga ukurasa na kukaa kimya. Wazo hilo lilimpitia lote, tangu mwanzo hadi mwisho, na hakujidanganya kwamba halikumpitia.

"Funga hiyo mita," alisema. "Usimwambie mtu."

Akaenda nyuma ya pazia.

*

"Dada Mwantumu. Njoo mara moja."

Alimfuata hadi pembeni, penye marobota ya katani yaliyosahaulika. Alikuwa anafunga kamba za viatu huku akitembea. "Kocha, wameshachoka wale. Nimewaona. Nipe dakika kumi tu nawamaliza."

"Una ujauzito."

Mikono yake ilisimama kwenye kamba. Akainuka, na sauti yake ilikuwa kavu.

"Nani amekwambia?"

"Mkanda."

"Mume wangu mwenyewe hajui." Alitazama pazia kana kwamba lina masikio. "Kwetu hiki kitu hakitamkwi, Lukala. Mpaka kijitangaze chenyewe. Mara mbili nilikitangaza. Nilipongezwa mtaa mzima, nikaletewa khanga. Mara mbili zote nilibaki na khanga." "Safari hii nimenyamaza. Nimepanda mlima wako na nimenyamaza, na kimekaa."

"Mlimani mkanda ulikuwa unahesabu. Sasa utachota, na hautachota kwako. Utakwenda kwake."

Alilielewa neno *kwake* polepole. Mkono ulikwenda kwenye kifungo cha mkanda ukabaki pale, haukufungua.

"Nikitoka, kwa Tinga inakuwaje?"

Hilo ndilo lilikuwa jiwe lenyewe. Zamani timu zilikuwa zinawatoa wenza waliochoka na kuingiza wenye nguvu, kwa kisingizio cha homa au mguu kuteguka. Kanuni ikabadilishwa. Mwenza anayetolewa kabla ya nyongeza lazima sababu yake isomwe kwenye kipaza sauti na daktari wa mchezo aithibitishe palepale. Ikisomwa, mwenza wa akiba anapanda na mchezaji anaendelea. Isiposomwa, huo ni utoro. Mchezaji anafutwa, na timu inacheza kumi.

Lukala alimwambia yote. Hakupunguza kitu.

Mwantumu aliinamisha kichwa. Nje wimbo wa Tinga ulikuwa umegeuka makofi ya mpigo mmoja. Miaka mitatu amemkimbizia mchezaji yule. Alikuwa na tabia ya kumpigia simu Lukala usiku wa kuamkia mechi kuuliza kama Tinga amewekewa jezi safi, kana kwamba nuru inashika uchafu.

"Basi sema," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo sana. "Timu ni ya watu wengi. Sema tu. Labda mara hii Mungu atanisitiri."

Alikuwa amempa ruhusa. Lukala aliitazama ruhusa ile usoni pake, na aliona jinsi ilivyomgharimu kuitoa.

"Fungua mkanda, dada," alisema. "Uniachie mimi."

*

Kamisaa wa mchezo, mama mwenye miwani ya kamba, aliinua kalamu yake ya kioo. "Kocha Lukala. Unamtoa mwenza wa jezi namba nane. Sababu?"

"Sina."

"Ameumia? Daktari yuko hapa."

"Hajaumia."

Mama yule alivua miwani. "Mwanangu, sababu yoyote ya kweli. Neno moja. Bila hilo, unajua kanuni."

"Naijua kwa moyo, mama."

Tangazo likasomwa. Kwanza hakuna aliyeamini. Kisha Tinga, aliyekuwa amesimama kwenye duara la kati akirukaruka kupasha misuli, akaanza kufutika. Vilianza viatu. Zikafuata soksi, magoti, lile kovu la goti la kulia alilolipata msimu wa kwanza. Aliendelea kurukaruka akiwa hana miguu. Lukala hakugeuza uso. Alimtazama mpaka nyasi zikabaki peke yake.

Matusi yakaja kama mvua ya mawe. "Kichaa!" "Amenunuliwa huyo!" Ganda la chungwa lilimpiga shingoni. Desideri alivuka mstari, suti yake ikimeremeta, na uso wake ulikuwa na mshangao wa kweli.

"Bwana mdogo, umechanganyikiwa? Huyo mwanamke amekukosea nini?"

Lukala alikuwa mtu wa kupenda sifa kuliko chakula. Jibu la kweli lilikuwa hapo ulimini, lingemsafisha mbele ya kata nzima kwa sentensi moja. Alilimeza. Akatoa kifua, akatabasamu tabasamu lake baya kabisa.

"Nilikuonea huruma, mzee. Kumi na moja kwako ni wengi mno. Nataka kuona kama naweza kukufunga na kumi."

Kisha akageuka kwa wenza wake kumi, waliokuwa juu ya mashine wakimtazama kama mtu aliyechoma nyumba yao.

"Mnataka kunipiga, nipigeni baadaye," alisema. "Sasa nisikilizeni. Mnadhani tulikuwa tunapanda mlima kwa ajili ya Tinga? Kila mmoja wenu ana kifua ambacho wale pale hawana cha kukilipia. Watazameni miguu! Yule wa tatu anatetemeka na mashine haijawashwa. Tutakaba kumi na tano za kwanza kama wezi wa usiku. Kumi na tano za mwisho tunakwenda kuwachukua. Mzee Kunambi, uko hai?"

"Niko hai kuliko wewe, mshenzi mmoja," alijibu mpasua mbao, akifunga mkanda wake. "Piga filimbi."

Mikanda ikaanza kuchota. Ndipo watu wakaona kitu ambacho pointi hazinunui. Wanariadha wa kukodi wa Mnadani walianza kwa kishindo. Baada ya dakika chache vifua vyao vilikuwa vikipiga miluzi, na uwanjani wachezaji wao wenye kasi ya umeme walitembea kama waliokanyaga lami mbichi. Mara moja walikaribia: shuti liligonga mwamba na Lukala alihisi limegonga meno yake. Upande wa kijani hakukuwa na fundi tena. Hapakuwa na chenga. Kulikuwa na watu kumi waliofika kwenye kila mpira nusu hatua kabla, kisha hatua nzima kabla, kisha peke yao.

Dakika mbili kabla ya mwisho, beki wa kushoto aitwaye Bakora, asiyewahi kufunga bao tangu abuniwe, aliondoka na mpira pembeni. Kwenye mashine, mwenza wake, mzee Kunambi, alikuwa amefumba macho, anapumua kwa mpango, kama yuko kwenye mwinuko wa penye maji. Hakuna aliyemfuata Bakora. Si kwamba hawakumwona. Walimwona vizuri sana. Miguu ndiyo iliyokataa. Akaingia ndani, akapiga.

Mbili kwa moja. Filimbi.

Mzambarauni imebaki.

*

Mashabiki waliwabeba wenza mabegani, wote kumi. Lukala hawakumbeba. Kijana mmoja alimpita na kumwambia bila kusimama, "Tumeshinda, lakini Tinga wetu umemuua wewe."

Alimkuta Mwantumu nje, ameketi kwenye kiti cha dereva cha bajaji yake, hajawasha mashine. Jua lilikuwa bado kali juu ya ukuta wa ghala. Alimtazama Lukala akija, akatazama doa la chungwa kwenye kola yake.

"Wanakutukana mpaka kwenye kibanda cha chipsi," alisema. "Rehani alitaka kuwaambia. Nimemzuia, halafu nikaona aibu kumzuia."

"Waache. Sifa nilishazizoea, acha nionje na hii."

"Lukala, usifanye mzaha na mimi."

Lukala alifuta kola kwa kiganja.

"Miaka mitatu," Mwantumu alisema, akiangalia mikono yake juu ya usukani. "Nilimtoa kwenye sifuri. Mwanzoni hakuweza hata kumaliza kipindi kimoja, unakumbuka? Leo hayupo, na nikirudi, kama nitarudi, nitaanza na mtu asiyejua hata kupumua. Na huenda tumbo nalo..." Hakumalizia.

Lukala alichuchumaa kando ya gurudumu la mbele hadi macho yao yakalingana. Watu walikuwa wanapita, wengine wakimnyooshea kidole. Hakuwajali, wala hakupunguza sauti.

"Dada Mwantumu, nisikilize, nakuahidi hapa hapa. Kesho nasajili kiungo mpya, namba nane, na mkanda wake nauvaa mimi. Nitampandisha Uluguru kila alfajiri kwa kifua changu mwenyewe, mvua inyeshe, nitukanwe nisitukanwe. Wewe kaa, utunze ulichonacho, usinieleze lolote. Siku utakayokuja kunigongea na kusema nipe mkanda wangu, iwe mwakani, iwe baada ya miaka kumi, nitakukabidhi mchezaji mwenye pumzi za kumaliza mechi na nyongeza yake. Hutaanza na sifuri tena. Wallahi, hutaanza na sifuri."